Aliandika Wasifu wa Mume Wangu, Kisha Akachukua Riwaya Yake

Admin, nifichie jina, maana Waswahili wa Stockholm tunajuana. Majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tisa, Mkenya, naishi mtaa wa Rågsved na binti yangu Mwende. Kazi yangu ni kuhudumia wazee.

Mume wangu alikuwa msafishaji wa mabehewa ya treni. Alipenda sana kusoma, na kwa miaka sita aliandika riwaya kuhusu kanisa linalosafiri angani. Waumini wamo ndani ya chombo, wanaelekea sayari ambayo wao wenyewe hawataiona, wataiona wajukuu wao. Alisema wengi wanaoandika habari za anga za juu huandika kana kwamba Mungu alibaki huku chini. Jumamosi alikuwa anapanda treni hadi Hässelby, mwisho wa njia, anarudi, anakwenda tena, huku anaandika kwa penseli kwenye daftari. Nyumbani ndipo alipochapa kwenye kompyuta.

Siku moja ya Desemba, saa tisa alasiri na giza la huku la majira ya baridi limeshaingia, aliniuliza nikiosha vyombo, "Mama Mwende, mahali pasipo na jua, watoto watajuaje leo ni Jumapili?"

Nikamwambia kwetu tulijua kwa soksi. Marehemu mama yangu, Kavata, aliweka soksi zetu nyeupe ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hilo kopo halikufunguliwa ila Jumapili. Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata akanisomea: ndani ya chombo yumo bibi mmoja, Nyanya Kavata, anayewagawia watoto soksi nyeupe, na hivyo ndivyo watu wanavyoijua Jumapili huko angani. Nililia siku ile.

Kanisani kwetu yupo mzee wa kanisa, nimwite Mzee Silasi. Mume wangu aliomba asome sura moja kwenye ushirika. Mzee Silasi akamjibu mbele ya watu, "Ndugu yangu, Injili yetu hata Farsta hapo jirani haijafika, wewe unatupeleka kwenye nyota? Huko utambatiza nani, roketi?" Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akarudisha karatasi zake kwenye mfuko.

Mwaka juzi moyo wake ulisimama ghafla. Mnajua kwetu msiba una kamati, na kamati huandika wasifu wa marehemu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Silasi. Akaniomba kompyuta ya marehemu ili apate tarehe za shule na picha. Nikampa pamoja na neno la siri. Nani kwenye msiba anamnyima mwenyekiti kitu? Wasifu uliposomwa, riwaya haikutajwa. Iliandikwa tu kwamba "alipenda kusoma." Nilidhani amesahau.

Mwezi uliopita Mzee Silasi alisimama kanisani akatangaza kitabu chake. Riwaya ya Kikristo ya angani! Akatusomea kipande. Nikasikia soksi nyeupe. Nikasikia Nyanya Kavata. Akasema jina hilo alipewa katika maombi, siku ya tatu ya kufunga. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.

Baada ya ibada nilimfuata kwenye chumba cha kuwekea makoti.

"Mzee, hii ni kazi ya Baba Mwende."

"Mama Mwende, marehemu alikuwa na mawazo tu. Mawazo ni ya Mungu. Mimi nimeyapa mwili."

"Na jina la mama yangu?"

"Mama yako?" akauliza. Hakujua kuwa Kavata alikuwa mtu. Kisha akasema polepole, kama anayemtuliza mtoto, "Nitamshukuru mume wako ukurasa wa mwisho. Ukipiga kelele, nani atakuamini? Hakuna aliyesikia hata sura moja, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwa mwandishi. Hata kwenye wasifu wake hamna."

Ndugu zangu, wasifu aliuandika yeye.

Jumapili hii kitabu kinazinduliwa. Ili nionekane niko radhi, ameniomba nitoe sala ya kufunga. Nikamjibu, "Sawa, Mzee, nitaomba." Kompyuta bado anayo yeye, lakini asichojua ni kwamba madaftari ya penseli ninayo, yote manne, yalikuwa chini ya kitanda. Nimepanga kupanda jukwaani, nifungue daftari, nisome ukurasa uleule alioutusomea, halafu nimuulize kwa upole, "Mzee, hebu waambie watu, Kavata alikuwa nani?" Kisha nimwangalie akitafuta pa kuuweka uso wake. Mimi si mtu wa ugomvi, lakini nikiwaza dakika hiyo nasikia utamu mdomoni. Nataka achekwe, kama alivyowafanya watu wamcheke mume wangu.

Mwende nilipomweleza, alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba atakaa mbele na simu mkononi arekodi.

Anayenizuia ni mtu mmoja tu: mke wa Mzee Silasi. Nilipofiwa alilala sakafuni kwangu wiki tatu. Alinichana nywele nilipokuwa siwezi kuinua mkono. Hajui lolote, na Jumapili atakaa safu ya mbele, na aibu ya mumewe itakuwa yake pia.

Nimuite kwanza nimwonyeshe madaftari, ingawa najua atamwonya mumewe na dakika yangu itapotea? Au nisimwambie, nipande tu? Msiniandikie nimwachie Mungu, hilo nimeshaambiwa na watu waliocheka siku ile. Nishaurini ninyi msiomjua yeye wala mimi. Ila fanyeni haraka, kwa sababu gauni nimeshalipiga pasi.