Gia ya Mkono

Miaka ya tisini, betri ya gari letu ilikufa Oyugis, siku ya soko. Watu walisukuma mpaka wakachoka, nalo likakataa kuwaka, kwa sababu gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Mtu mwenye akili angenunua betri. Mume wangu alilivuta hadi kwa fundi Migori, likang'olewa giaboksi nzima, likawekewa gia ya mkono na klachi.

"Na betri?" nikamuuliza.

"Mama watoto, betri hufa. Majirani wapo."

Kweli, Jumapili majirani walisukuma, likawaka. Lakini kwetu aliyesukuma lazima abebwe. Walijaa hadi kwenye buti. Mimi, niliyekataa kusukuma nisichafue viatu, nilifika kanisani kwa miguu, matope hadi magotini.