Siku Tulipongojea Ofisi Barabarani

Sisi tuliolelewa Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, enzi zile, wengi wetu tulikuwa na baba wa mwisho wa mwezi. Walikuwa makarani wa serikali, na serikali yote ilikaa Nairobi, basi nao walikaa huko huko. Baba yangu alipiga taipu katika wizara moja ambayo hata leo siwezi kukueleza kazi yake ilikuwa nini.

Wiki zile nyingine tuliishi tulivyotaka. Alfajiri tulikimbia nyuma ya makurutu wa chuo cha polisi tukiigiza nyimbo zao, pekupeku kwenye umande unaouma. Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa makaratasi na nyuzi mpaka mama aite mara ya mwisho, ile ya hasira. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe jana, githeri leo, na baridi ikizidi tulifukia nduma kwenye jivu la moto. Watoto wa siku hizi ukiwapa githeri wanachagua punje moja moja kama wanatafuta mawe.

Mwisho wa mwezi ukifika, nyumba ilibadilika. Kuku alichinjwa, na kile kikombe cha maua chenye kisahani kikatolewa kabatini. Mama alituonya, "Kaeni vizuri, baba yenu amezoea watu wa ofisi." Nasi tukakaa vizuri. Baba aliingia na mkate mweupe na harufu ya sabuni isiyokuwa yetu, sote tukasimama. Alituuliza habari za shule, tukamjibu kama tunavyomjibu mwalimu wa zamu. Ndugu yangu mdogo, Kariuki, hakumzoea kabisa. Siku moja alimwona getini akapaza sauti, "Mama, yule mgeni wa mkate amefika." Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka. Alimkatia mtoto wake kipande kikubwa cha mkate.

Nafikiri ni baada ya hapo alipoanza kuomba uhamisho. Aliomba Nyeri, akaomba Karatina, akaomba Nanyuki, popote pale mradi aamke akiuona mlima. Kila akikataliwa alimwambia mama, "Nitafanya nini, Mama Wangui? Ofisi haina miguu." Wangui ni mimi.

Halafu mwaka mmoja, likizo ya Agosti, redio ikasema ofisi hiyo italetwa Nyeri. Jirani yetu alikuja mbio kutupasha: "Ati ofisi ya baba yenu inakuja huku. Mtaiona hapa karibuni." Sisi watoto tulielewa tulivyoelewa. Ofisi tuliyoijua ilikuwa ile ya kwenye picha, jumba la ghorofa ambalo baba alikuwa amesimama mbele yake na tai shingoni. Tukajua inaletwa kwa trela. Tulikaa kando ya barabara kuu tangu asubuhi, tukibishana kama itapita chini ya nyaya za stima, na Kariuki alikuwa amevaa shati la kanisani. Yalipita malori ya mbao, ya ng'ombe, ya viazi. Giza liliingia bila ghorofa hata moja kupita. Kesho yake tulirudi tena. Mpango wenyewe ulifia huko huko Nairobi. Inasemekana wakubwa waliogopa baridi. Baba aliendelea kuja mwisho wa mwezi mpaka akastaafu, na alipokuja kukaa kabisa, sisi tulikuwa tumeshaoa na kuolewa.

Nami nikafanya nini? Nikaajiriwa na serikali, Nairobi. Mume wangu ni mwalimu huko Chaka, karibu na kwetu Kiganjo, binti yetu Nyambura akabaki naye, mimi nikawa mtu wa Ijumaa jioni. Nilijifariji kwamba wiki si mwezi. Lakini siku moja nilifika, yule mtoto akaondoka kwenye kiti chake, akakipangusa kwa kiganja, akaniambia, "Keti hapa, mama. Uko na njaa?" Adabu nzuri ajabu. Nilienda chooni nikalia.

Kwa hivyo mwaka huu tulipoitwa mkutanoni tukaambiwa idara yetu inahamia Nyeri, sikuthubutu kufurahi. Nilishawahi kuchomwa na jua kando ya barabara kwa habari kama hiyo. Vijana wa ofisini walinuna kama watu waliohukumiwa. Mmoja aliniuliza kama kijijini kuna raha yoyote: "Madam, huko ushago kunabamba kweli? Intaneti iko?" Nikamwambia iko, na makabeji yako pia. Mwingine alinunua majaketi mazito na hita kabla hata hatujapewa tarehe. Sisi tulikuwa na sweta moja ya shule iliyotoboka viwiko, na tulikua. Mimi nilingoja kimya mpaka nilipoona kwa macho yangu makabati ya faili yakipakiwa kwenye lori, na kiti changu kikirushwa juu yake, miguu ikitazama mbinguni. Hapo ndipo moyo wangu uliposhuka mahali pake. Nilishukuru Mungu kwa sauti, na sikujali nani ananisikia.

Sasa asubuhi naenda mjini, jioni narudi Chaka. Mwanzoni Nyambura aliendelea kunipangusia kiti. Kisha akawa anasalimia tu. Juzi nilifika nimechoka, ukungu umeshuka hadi kwenye paa, nikasimama mlangoni nikivua viatu vyenye matope. Alikuwa mezani na hesabu zake. Hakuinua hata kichwa.

"Mama, funga mlango, baridi inaingia."

Nikaufunga. Enzi zetu ungemwambia mzazi hivyo ungelala bila chakula, na watoto wa leo adabu imewapungua, hilo nakubali. Lakini baba yangu tulimpokea kwa heshima miaka yote ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia afunge mlango.