Kikombe Chenye Alama Nyekundu

Ti, ti, ti. Kijiko kinagonga ukingo wa kikombe mara tatu, halafu sauti ya msichana inashuka kama ya mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja: "Mama, naitwa. Nitakupigia." Basi, inakatika. Ujumbe huo niliusikiliza kwenye simu yangu mpaka nikajua anavuta pumzi wapi. Msichana mwenyewe sikuwahi kumwona. Lakini hadi leo, mtu akikoroga chai karibu nami, shingo yangu inageuka yenyewe.

Wakati ule nilikuwa nasuka nywele mtaa wa Namuwongo, chini ya kivuli cha mabati kando ya reli, na moyoni mwangu nilikuwa mwigizaji mkubwa wa dunia. Shule nilikomea kidato cha pili. Ila kulia machozi ya kweli bila kitunguu, hilo nililiweza, waulizeni wateja wangu. Nilikuwa nawasuka huku nawaigizia, na wengine walirudi kwao na mistari iliyopinda kwa sababu walikuwa hawatulii kwa kicheko.

Aliyenipa kazi ya filamu ni mfasiri wa kibanda chetu cha sinema. Pale kibandani, filamu za nje zikionyeshwa, yeye hukaa pembeni na kipaza sauti akatueleza kila kinachosemwa, na cha kwake anaongeza. Mtu akifa kwenye filamu, anampa pole mama yake. Adui akijificha, anatuambia yuko nyuma ya mlango gani. Kunyamaza hawezi, na watu wanaingia kwa ajili ya huo mdomo wake. Alikuwa pia na kamera ya kupigia harusi, ndipo akaamua kutengeneza filamu yake mwenyewe, ya Kiswahili, juu ya binti wa mtaani aliyekwenda nchi za jangwani kufanya kazi za ndani.

Binti huyo alikuwa wa mjane mmoja wa polisi, mama kutoka kaskazini aliyekuwa akikaanga dagaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Sisi tulihamia pale yeye akiwa ameshaondoka. Huko alikokwenda, bibi mwenye nyumba hakumwita kwa jina, alimgongea kijiko. Kikombe chake alikipaka rangi nyekundu ya kucha, asije mtu wa nyumba ile akakinywea kwa makosa, maana weusi, alisema, hauosheki. Yote haya binti alimnong'onezea mama yake kwa simu akiwa jikoni. Kisha jumbe zikakoma. Waliompeleka wakaleta karatasi: aliugua, akafa, amezikwa hukohuko.

Mama aliikataa ile karatasi. Watu wa kwao walimwambia afanye kama wanavyofanya mtu wao asiporudi. Linachukuliwa tunda la mvungunya, lile refu zito kama mkono wa mtu, linavishwa nguo ya marehemu na kuzikwa, ili naye apate pa kulala.

"Mimi nazika matunda?" alikuwa akiwajibu. "Mutoto yangu ni matunda? Hajakufa. Wamemunyang'anya simu tu."

Filamu lakini aliikubali upesi. Alidhani itafika hadi kule, yule bibi ataiona, ataona haya na kumrudisha. Akanitumia zile jumbe zote nijifunze. Akaniletea na gauni la binti yake, la buluu lenye vifungo vyeupe, alilokuwa amelifungia kwenye mfuko wa plastiki.

"Usifue," aliniambia. "Hata kidogo, usifue."

Sikulifua. Nililivaa siku zote za kupiga picha, nikapika nalo, nikadeki nalo, nikalala sakafuni nalo kwenye joto la mabati. Hakuna aliyeniambia kwamba kuvaa nako ni kufua.

Bibi mwenye nyumba aliigizwa na mama mmoja wa mtaa wa Kibuli, mweupe kidogo, mpole, muuza keki. Kikombe kilitoka kwetu, cha bati, cheupe. Alipokuwa anakipaka rangi mbele ya kamera aliniomba msamaha mara mbili, hadi mfasiri akamkaripia kwamba anaharibu.

Filamu ikaonyeshwa Jumamosi mchana. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi na ndani kukawa giza. Mimi niliambiwa nisimame mlangoni na lile gauni nikaribishe watu. Kwa kawaida watu wa kibandani ni kelele tupu. Siku ile zilipungua kikombe kilipopakwa rangi.

"Eee! Kama sahani ya mbwa," mwanamke mmoja alisema.

"Si huyu hapa? Wewe mama wa keki, umekuja kufanya nini?"

"Jamani, mimi naigiza tu!"

"Mbona mkono haukutetemeka?"

Mama wa keki akacheka, akidhani ni utani. Waliokaa naye wakaanza kusogea, mmoja, halafu mwingine, mpaka akabaki peke yake kwenye benchi zima ameshika mkoba wake. Kwenye skrini kijiko kikagonga. Ti, ti, ti. Gari moshi la mizigo likapita nyuma yetu, benchi zikatikisika miguuni mwa watu, na hakuna aliyegeuka.

Mwisho wa filamu nimelala, shuka limenifunika uso. Wanawake wakaanza kulia, na hakikuwa kilio cha sinema. Kilikuwa kile cha matanga, cha kupokezana, huyu akichoka yule anachukua. Mfasiri hakuwahi kuona ukumbi wake ukilia namna ile. Akaniona mlangoni, mwanga wa nje nyuma yangu, na mdomo wake ukamponyoka.

"Msilie, ndugu zangu! Tazameni mlangoni! Binti yetu amerudi!"

Alitaka makofi. Vichwa viligeuka, kimoja kimoja. Hakuna aliyepiga kofi. Waliokuwa karibu nami wakarudi nyuma, na mzee mmoja akavua kofia. Kisha kutoka benchi la mbele yule mama akasimama.

"Nyamazeni nyinyi yote! Munalilia nani? Mutoto si ule pale?"

Akaja hadi kwangu. Alinishika kifungo cha kifuani, akakizungusha kama anakihakikisha.

"Umekula?" akaniuliza.

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza hata kukimbia. Lakini sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ile ya kwenye simu, ya chini, ya kiganja mdomoni: "Nimekula, Mama." Naapa sikuiita. Ilikuja.

Baada ya siku ile mtaa ulinibadilikia. Dereva wa boda alikataa kunipakia, anacheka huku macho hayacheki: "Nyabo, dada yangu, si tulikulilia Jumamosi? Tafuta mwingine." Watoto walikuwa wakiniona wanagonga chupa kwa jiwe mara tatu, nami nageuka, nao wanatimka wakipiga mayowe. Wateja wakapungua, nani anataka mikono ile kichwani kwake? Mama wa keki naye alirudi Kibuli na beseni la keki limejaa kama alivyolileta.

Ni mama yule tu aliyekuja. Kila mchana alileta dagaa na ugali, akaketi kwenye kiti cha wateja akinitazama nikila. Alipenda nivae gauni, nami nikalivaa. Niseme kweli, nilipenda. Maisha yangu yote niliota watu wakinitazama, na hakuna aliyewahi kunitazama vile. Usiku niliisikiliza tena simu, nikajua maneno mapya ya kumwambia kesho.

Kisha shangazi wa marehemu akaja kutoka kaskazini na ndugu wawili, kumwomba kwa mara ya mwisho akubali tunda lizikwe. Nikamsikia mama akiwajibu, anacheka kabisa: "Nazika nani? Yuko pale, anasuka nyele."

Shangazi alikuja kunitazama. Hakunikaripia. Alisimama kidogo juani, akasema, "Binti, unamufungia mwenzako mulango, hana pa kulala."

Usiku ule sikuigusa simu. Mchana mama alipofika na chakula nilikuwa nimevaa sketi yangu na fulana. Nikamwambia jina langu, na jina la mama yangu, na kwamba sisi ni watu wa Busia, upande wa Kenya. "Sauti yake nilijifunza kwenye simu, Mama. Mimi si yeye. Nisamehe."

Aliendelea kufungua chakula kana kwamba hakusikia. Alipomaliza akasema, "Lete gauni."

Nikaingia ndani nikalileta. Akalikunja, akazamisha uso wake humo. Nilihesabu mabehewa ya gari moshi lililokuwa linapita, yakaisha, naye bado hajainua uso. Kisha akanusa kwapa, akanusa kola, haraka haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo.

"Hii ni wewe," akasema. "Yeye hayuko."

Hapo ndipo alipomlilia mtoto wake, kwa mara ya kwanza, na sikuthubutu kumshika. Karatasi haikuweza, wala ndugu, wala filamu. Ni jasho langu.

Walilichukua gauni hilohilo kulivisha tunda. Mimi shangazi alinikataza kwenda: aliyevaa jina la marehemu asisimame kwenye kaburi lake. Nikaelewa.

Jumapili ya maziko, nyumbani walikuwa wamekwenda kanisani. Kikombe kilikuwa juu kabisa ya kabati. Tangu filamu, hakuna mtu wa kwetu aliyekubali kukinywea, na mimi mwenyewe nilikuwa nakizungukia mbali. Nikakishusha. Nikachukua wembe wangu wa nywele, nikakwangua ile rangi nyekundu hadi chembe ya mwisho, nikakiosha, nikamimina chai. Nikatia sukari, nikaikoroga polepole sana, kijiko kisiguse ukingo.