Gari Nililolishusha Siku ya Sabato

Usiniamini kwa sababu mimi ni mzee. Niamini kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu rafiki yangu Momanyi aliishi na jambo hili mwilini mwake mpaka tulipomzika. Ningekuwa natunga, si ningejipa sehemu nzuri zaidi? Sehemu yangu mimi, utaisikia, ni ya aibu.

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi wa magari mjini Kisii. Gereji yetu ilikuwa nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza mabati na misumari. Paa bovu, sakafu ya udongo ulioshiba oili. Tulikuwa wawili tu, mimi na Momanyi. Wakati huo vijana waliopata kazi Nairobi walikuwa wakirudi nyumbani na magari, na mtindo wao ulikuwa gari liwe chini. Kwa hiyo nilikata springi. Ukiifupisha springi, bodi inalala, na magurudumu yanatanua miguu kwa chini kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo. Wazee walicheka. Vijana walileta magari hata kutoka Nyamira, wakimuulizia yule fundi wa kushusha. Yule fundi ni mimi, na sikatai, nilijivuna sana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Kerubo, mke wangu, alikuwa Msabato wa kweli. Aliponiona navaa ovaroli badala ya suti alisimama mlangoni.

"Baba Moraa, gari litakungoja hadi kesho. Mungu naye utamwambia angoje?"

Nikamwahidi nitafika kanisani kabla mahubiri hayajaisha. Sikufika.

Ilipata saa tisa alasiri, mvua imetoka kukatika, mji umenyamaza kama unavyonyamaza Kisii siku ya Sabato. Gari jeusi likaingia polepole. Akashuka mtu mzima, peke yake, koti refu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Alitusalimu kwa Kigusii cha zamani, kile nilichokuwa nikikisikia kwa babu yangu peke yake.

"Lishushe," akasema.

"Kiasi gani, tata?" nikamuuliza, nikimwita baba kwa heshima ya kwetu.

"Mpaka nikuambie basi."

Gari lilikuwa tupu. Nilifungua hata buti nikaangalia, maana uzito hubadilisha vipimo. Tukapiga jeki, nikakata, Momanyi akarudisha magurudumu, tukalitua. Vijana, gari likitua, husimama mbali waangalie magurudumu yalivyolala. Huyu hakuyaangalia kabisa. Alichuchumaa, akapima kwa mkono kutoka ardhini hadi kizingiti cha mlango wa nyuma.

"Bado. Hawafiki."

"Kina nani hao, tata?"

"Watu wangu. Wamenifuata siku nyingi, na hawawezi kusimama."

Nilidhani anazungumzia wazazi wake, pengine wagonjwa. Wewe ungedhani nini? Tukapiga jeki tena, nikakata tena. Safari hii lilipotua, kizingiti kilibaki shibiri moja tu kutoka chini. Momanyi akaenda bombani, upande wa pili wa duka, kunawa mikono. Nikabaki na yule mtu.

"Tata, hili likigonga jiwe moja, limekwisha."

"Halitagonga kitu," akanijibu, kwa sauti ya mtu anayekuambia bei ya maziwa. "Niliowagonga wanatosha."

Kisha akafungua mlango wa nyuma, akageukia barabarani, akasema kwa upole, kama unavyomwita mtoto aje kula: waingie.

Nisikilize vizuri hapa. Sikuona mtu. Nilichoona ni ule udongo wetu wa oili ukibonyea. Kiganja cha mkono, vidole vitano, wazi kabisa. Kikafuata kingine. Nyuma ya viganja hivyo ulijichora mfereji, kama wa gunia linaloburutwa. Alama zikaja moja kwa moja kutoka barabarani, zikapita karibu na kiatu changu, zikafika kwenye kizingiti. Gari likalia nyi, likashuka kidogo. Kiti cha nyuma kikabonyea. Halafu wakaja wengine. Kila alama zilipofika mlangoni, gari lilishuka tena, na yale magurudumu yakazidi kutanuka. Nilihesabu watano. Wa mwisho alikuwa na viganja vidogo sana.

Yule mtu akafunga mlango.

Hapo ndipo Momanyi aliporudi, anajifuta mikono kwenye suruali, anapiga mluzi.

"Tata, unaelekea wapi?"

"Manga."

"Na mimi nakaa Manga! Nisogeze basi."

"Panda. Mbele kuna nafasi moja."

Je, nilipiga kelele? Unataka niseme nilipiga. Taya zangu zilikuwa zimefungwa, ni kweli, lakini si hilo tu. Niliogopa kwamba nikisema neno, wale waliokaa nyuma watajua nimewaona. Kwa hiyo nikanyamaza. Momanyi alinipungia mkono dirishani.

Hakufika kwake. Wachuma majani ya chai walimkuta Jumapili asubuhi kwenye mtaro, kwenye kona moja chini ya mlima wa Manga. Yu hai, macho wazi, anatetemeka. Hospitalini walisema mifupa yake ni mizima, haina hata ufa. Lakini miguu ile haikusimama tena. Miaka kumi na tisa Momanyi alitambaa kwa viganja katika boma lake, na kila aliyeulizwa kando ya barabara ile alisema hakuona gari lolote jeusi.

Aliniambia jambo hilo mara moja tu, tukiwa tumekaa nje kwake. "Mikono ilitoka chini ya kiti ikanishika vifundo vya miguu. Dereva aliwaambia, 'Mwacheni, huyu hakuwa nami siku ile.' Hawakumsikia."

Kisha akaniuliza, "Wewe uliwaona wakiingia?"

"Niliwaona."

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kunywa uji wake. Hakuniuliza tena maishani. Afadhali angenitukana.

Sikukata springi nyingine. Nililima migomba, nikampelekea Momanyi kuni na unga kila wiki, na Kerubo aliniombea mpaka magoti yake yakaota sugu. Mpaka leo nikiona gari limelala nyuma, magurudumu yametanuka, na ndani hamna mzigo, navuka barabara. Wajukuu hunicheka.

Nawe usipande gari la namna hiyo, hata kama mvua inakunyeshea. Na ukimwona mwenzako anashika mlango, usingoje sauti yako irudi. Rusha jiwe, vunja kioo, mvute kwa shati. Hofu hupita. Mimi niliingoja ipite, na ilipopita, gari lilikuwa limeshakata kona.