Mguu wa Kushoto wa Fundi

Kila mji una mtu wa aina hii, na ukimtafuta kwa cheo cha kazi yake hutampata. Uliza mtaalamu wa refleksolojia, watu watakutazama kama umewatukana. Uliza Bi Visigino, utapelekwa mpaka mlangoni: nyuma ya saluni, pazia la bluu, kiti cha kulalia, beseni la maji ya uvuguvugu, na ukutani picha ya nyayo mbili zilizogawanywa kwa rangi, kama ramani ya nchi zinazogombania mipaka.

Ramani hiyo aliijua kama jiko lake. Kidole gumba ni kichwa, nyama iliyo chini ya vidole ni mapafu, uvungu wa unyayo ni tumbo, kisigino ni kiuno. Waliomfundisha walisema ukibonyeza huku, kule kunaitika. Naye aliwaambia wateja hivyo hivyo, kisha akaongeza lake.

"Wengine wanaamini, wengine hawaamini. Ninachojua mimi, utainuka hapa mwepesi, na leo utalala. Lakini dawa zako endelea nazo, na kliniki usikose. Mimi ni chumvi tu, si chakula."

Bibi mmoja mwenye ugonjwa wa sukari aliwahi kumcheka. "Mwanangu, ulimi wako unakufukuzia wateja."

"Heri unifukuzie wateja, bibi, kuliko nikuharibie mguu."

Miguu yote ilimtii isipokuwa ya mumewe. Mume alikuwa fundi cherehani. Kutwa anakanyaga pedeli, jioni nyayo zinamwaka moto, na bado ukimgusa anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Acha! Acha wewe, unanitekenya!" Atacheka mpaka machozi yamtoke, atarusha teke, na beseni litapinduka. Bi Visigino alimweleza mara nyingi kwamba anayeshika kwa woga ndiye anayetekenya. Ukibana kwa nguvu, mtu anatulia. Ndilo somo la kwanza la kazi hii. Fundi hakulitaka somo.

"Nenda kawabane wateja wako, daktari wa visigino. Miguu yangu niachie mwenyewe."

Kisha kiharusi kikamwangusha kwenye cherehani, suruali ya mtu ikiwa bado chini ya sindano. Alirudi kutoka hospitali ulimi mzito, na upande wa kushoto si wake tena.

Sasa mguu aliokuwa akinyimwa Bi Visigino ukawa mikononi mwake. Kila alasiri alifunga pazia la saluni mapema, akaja kuketi miguuni pa kitanda, akauinua mguu juu ya mto, akauosha, akaupaka mafuta na kuukanda. Ulitulia. Ulitulia kuliko mguu wowote aliowahi kuushika, na utulivu ule ulimkata maini.

Daktari alikuwa amemwambia wazi. "Mkande, mama. Inampumzisha, inamliwaza. Ila hisia zikirudi, zitarudi kwa mazoezi na kwa muda. Na huenda zisirudi."

Hayakuwa maneno mageni. Ni yale yale aliyowapa wateja miaka yote. Sasa ndipo alipojua yanavyosikika kwa anayeyapokea.

Wifi yake, dada wa fundi, hakuwa na subira ya daktari. "Wifi, mikono hiyo imeponya mtaa mzima, kwa kaka yangu ndiyo imeingia baridi?"

"Sijawahi kumponya mtu, wifi."

"Basi anza."

Bi Visigino akaenda jikoni kulia mbele ya sufuria, maana sufuria haliulizi. Hakuwa akiomba mume atembee, wala arudi kwenye cherehani. Aliomba teke moja tu. Beseni lipinduke, chumba kilowe, yeye apige deki mpaka mgongo umuume.

Alasiri moja alipomaliza kukanda hakuufunika mguu. Alifanya kosa ambalo humfukuzisha mwanafunzi darasani: akapitisha ncha ya kidole kwenye unyayo, taratibu, kwa woga, kama anayeandika juu ya vumbi. Kimya. Akarudia, kutoka kisiginoni hadi kwenye vidole. Hata kidole kidogo hakikutikisika.

Juu ya mto, fundi alikuwa akimtazama. Blanketi lililokunjwa magotini lilimficha miguu. Alichokiona ni uso wa mkewe tu. Na uso ule aliujua.

Bi Visigino aliinama, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni ili aoshe mafuta, na pia ili asionekane macho. Hapo ndipo kicheko kilipotoka kitandani, kizito, kimepinda upande mmoja, lakini kile kile cha zamani.

"Acha... acha wewe. Una... unanitekenya."

Mikono yake ilikuwa ingali majini.

Aliitoa polepole, akiwa bado ameinama. Maji yalidondoka kutoka vidoleni, na fundi akaendelea kucheka, akijitahidi, jasho likimtoka kwenye paji la uso, mpaka mkewe alipoinua kichwa.

"Kumbe unasikia, Fundi?"

"Na... nasikia. Sana."

"Samahani, mume wangu. Nimekushika vibaya."

Akajifuta mikono, akauchukua mguu wa kushoto, akaubana kwa nguvu, kama kazi inavyotaka, ili asimtekenye tena.