Pampu Mbili, Paipu Moja

Nilikuwa nimemaliza masomo ya mitambo ya maji, nina cheti chenye mhuri na kofia ya plastiki nyeupe, kwa hivyo nilijua kila kitu. Nilitoka kwetu mtaani Section 58 asubuhi, nikafika kijijini Ndabibi kuamua ugomvi wa majirani wawili.

Wa kwanza alikuwa mzee mstaafu aliyejichagua mwenyekiti wa mradi wao wa maji. Wa pili alikuwa mama mjane mwenye shamba la kabeji. Kila mmoja alikuwa na kisima chake na pampu yake, lakini pampu zote mbili zilisukuma maji kwenye paipu moja hadi tangi la pamoja kilimani. Mita ilikuwa moja tu, pale tangini. Walikubaliana kila mtu achote kulingana na maji anayoleta. Sasa mzee alidai mama haleti kitu.

"Pampu yake inanguruma tu," mzee aliniambia. "Yangu ni mpya. Imetoka ng'ambo."

Kazi rahisi, nikasema. Niliwasha ya mzee peke yake, mita ikaonyesha mita za ujazo kumi na nne kwa saa. Niliwasha ya mama peke yake, ikasoma sita. Kumi na nne na sita ni ishirini. Hesabu hiyo hata shule ya msingi wanaiweza, lakini mimi niliiandika kwa kalamu nyekundu na kuipigia mstari. Kisha, ili kupamba ripoti, nikawasha zote mbili.

Kumi na nne.

Mtu wa kawaida angejiuliza maswali. Mimi msomi nililaumu mita. Mita ilipokataa kuwa mbovu, nililaumu paipu, nikaifuata kilomita mbili juani nikitafuta mahali inapovuja. Nilipata miiba na ng'ombe mmoja aliyenitazama kwa huruma.

Niliporudi, mama alikuwa amechuchumaa kando ya pampu yake.

"Injinia, guza hapa," akasema. "Ya mzee ikiwaka, hii yangu inachemka. Nikiwa peke yangu iko sawa. Nimewaambia kwa mkutano mara tatu."

"Mama, kila pampu huchemka kidogo," nilimjibu, kwa upole wa daktari bingwa. Kisha nikaiguza, nikarudisha mkono haraka.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimebeba geji ya presha, kipimo cha msukumo wa maji. Ilikuwa kwenye mkoba siku nzima, ikistarehe. Nilipima paipu mzee akisukuma: presha ilikuwa kubwa kuliko nguvu yote ya pampu ya mama. Valvu ya pampu hiyo, ya kuzuia maji yasirudi, ilikuwa imesukumwa ikajifunga kabisa. Pampu ilizungusha maji yale yale tumboni mwake hadi yakachemka. Peke yake ilileta sita. Pamoja na ya mzee, ilileta sifuri. Vipimo vyangu vya pampu mojamoja vilikuwa kweli tupu, na havikuwa na maana yoyote.

Nilimweleza mzee. Alisikiliza kwa makini, akachagua alichotaka kusikia.

"Kwa hivyo yangu ndiyo kali."

"Yako inamfungia mlango mwenzako, mzee."

Tulipatana wapokezane: mama asubuhi, mzee mchana. Siku ya kwanza nilikaa tangini na mama, tukitazama mita ikisoma sita bila kusita. Hakunicheka, ingawa nilistahili. Alinipa kabeji mbili, akasema nijitahidi, nitakuwa fundi mzuri.

Katika mkutano uliofuata, mzee alisimama akatangaza kwamba, kwa moyo wake mkunjufu, ameamua kumzawadia jirani yake saa zote za asubuhi. Watu wakapiga makofi. Mama naye alipiga, polepole, akimtazama bila kupepesa macho.