Mama Aliyekanyaga Breki

Wiki iliyopita basi letu lilipata pancha Ukunda, nikaenda kungoja gereji na mwanangu mapajani. Mbele yangu palikuwa na gari dogo juu ya jeki, ubavu umebonyea. Fundi alikuwa amezing'oa breki zake za dramu na kufunga za diski, alizozitoa kwenye gari la mzungu aliyerudi kwao baada ya Uhuru.

Mwenye gari alikuwa mama aliyetoka eda juzi tu. Mumewe alifia humo, kwenye mteremko wa Kwale, breki zilipopata moto zikakataa kushika. Sasa mwanawe wa pekee alitaka kulifanya teksi, naye mama alikuwa bado hajampa ruhusa.

"Hizi nazo hazitachoka?" akauliza.

"Ingia ukanyage mwenyewe, mama."

Akakusanya buibui lake, akaingia. Fundi akalizungusha gurudumu la mbele kwa mikono. Mama akakanyaga, likasimama.

"Tena, baba."

Likasimama.

"Tena."

Dereva wetu akanung'unika, "Fundi, nasi tuna safari."

"Subiri, bwana. Huyu hajamaliza." Akazungusha tena, shati limemganda mgongoni.

Mwishowe mama akainua mguu. "Zinashika," alisema. "Mwambie mwanangu aje alichukue."

Kisha akauinamia usukani. Fundi akamwacha humo, akatutoa sisi wengine nje, akasema twende tukanywe chai. Husemwa fundi mzuri ni mwepesi wa kazi. Mimi namsifu huyu kwa kutuchelewesha. Chai ililetwa, lakini kilio cha mama kilitufikia pale pale, na hakuna aliyeinua kikombe.